Maurice Wilks: Baba wa Land Rover aliyeota gari la injini ya ndege

OKTOBA 2024, mamia ya magari ya Land Rover yalikusanyika jijini Arusha kwa tamasha la siku kadhaa. Kwa mkulima au mfanyabiashara wa Afrika Mashariki haikuwa ajabu. Kwa zaidi ya nusu karne gari hilo limebeba magunia, mbegu, wagonjwa, walimu, askari na abiria wa minadani katika barabara ambazo magari mengine yaliogopa.

Lakini wengi wanaolijua gari hilo hawalijui jina la aliyelianzisha. Aliitwa Maurice Wilks, mhandisi Mwingereza wa kampuni ya Rover. Wachache zaidi wanajua kwamba katika miaka ile ile alipokuwa akiunda gari la shamba, mtu huyo huyo alikuwa akiongoza kazi nyingine kubwa na ya gharama: kutengeneza gari dogo la kawaida linaloendeshwa na injini ya turbini, ya jamii ile inayorusha ndege za jeti.

Kazi hizo mbili zilianza chini ya paa moja. Ya kwanza ilifanywa kwa haraka, kwa vyuma vya kuungaunga, ikitarajiwa kuiziba kampuni pengo la muda mfupi tu. Ya pili ilipewa wahandisi hodari na ikashangiliwa na magazeti ya dunia. Ya kwanza iliuza magari zaidi ya milioni mbili. Ya pili haikuuza gari hata moja. Sababu ya tofauti hiyo inamhusu kila mtu anayefikiria kununua mashine.

Kijana wa kiwandani

Maurice Fernand Cary Wilks alizaliwa Agosti 19, mwaka 1904, katika kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Alipomaliza shule aliingia moja kwa moja katika biashara ya magari. Mwaka 1922 alianza kazi katika kampuni ya Hillman mjini Coventry, na mwaka 1926 akavuka bahari kwenda Marekani, ambako alifanya kazi General Motors kwa takriban miaka miwili. Huko aliona jinsi magari yanavyotengenezwa kwa maelfu, kwa mpangilio na kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu.

Alirejea Hillman mwaka 1928, na mwaka 1930 akahamia Rover kuwa mhandisi mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu. Kaka yake, Spencer Wilks, aliyemzidi miaka 13, alikuwa amekwisha kutangulia hapo.

Kampuni waliyoikuta haikuwa na afya. Rover ilikuwa na madeni, ikitengeneza magari mengi ya aina tofauti bila faida. Spencer, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji kuanzia mwaka 1933, alishika fedha na mauzo. Maurice alishika michoro na karakana. Walipunguza idadi ya magari, wakaongeza ubora, na kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Rover ilikuwa imesimama tena, ikijulikana kwa magari imara ya watu wa kipato cha kati.

Ndugu hao walifundishwa na taabu hiyo somo ambalo hawakulisahau: kampuni haiishi kwa sifa, inaishi kwa kile ambacho mteja yuko tayari kukilipia.

Vita na injini ya siri

Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliiletea Rover kazi ambayo haikuwahi kufanywa na kiwanda chochote cha magari. Ofisa wa jeshi la anga, Frank Whittle, alikuwa amebuni injini mpya ya ndege. Injini hiyo haikuwa na pistoni wala silinda. Ilivuta hewa kwa mbele, ikaibana, ikachoma mafuta ndani yake mfululizo, na gesi ya moto ikatoka nyuma kwa kishindo na kuisukuma ndege. Whittle alikuwa ameiwasha kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1937, lakini kampuni yake ndogo haikuwa na uwezo wa kuitengeneza kwa wingi.

Rover ilipewa majengo ya viwanda vya nguo yaliyokuwa yamefungwa katika miji ya Clitheroe na Barnoldswick, kaskazini mwa Uingereza, mbali na mabomu ya Wajerumani. Maurice Wilks na wahandisi wake walianza kujifunza upya.

Haikuwa ndoa ya amani. Whittle alitaka injini yake itengenezwe kama alivyoichora. Watu wa Rover waliona sehemu nyingi za kubadilishwa ili iweze kutengenezwa kiwandani kwa urahisi, wakachora muundo wao. Ugomvi ulikua, na kazi ikachelewa wakati nchi ikiwa vitani.

Mwishoni mwa mwaka 1942, Spencer Wilks alikutana kwa chakula cha jioni na Ernest Hives, mkuu wa Rolls-Royce, katika hoteli moja mjini Clitheroe. Wakabadilishana kazi kama wafanyabiashara wanavyobadilishana mizigo: Rolls-Royce ikachukua injini za jeti, Rover ikachukua kiwanda cha injini za vifaru kilichokuwa Nottingham. Mabadilishano hayo yalikamilika mwaka 1943, na Rolls-Royce ikaja kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa injini za ndege duniani.

Hata hivyo, Rover haikutoka mikono mitupu. Maurice Wilks alikuwa ameiona injini isiyo na pistoni ikifanya kazi. Alijua chuma gani kinahitajika, joto gani linapatikana na nguvu kiasi gani inatoka katika mtambo mdogo. Vita ilipoisha mwaka 1945, wazo lilikuwa limeshamkaa kichwani: kama turbini inarusha ndege, kwa nini isiendeshe gari?

Jeep kuukuu shambani

Lakini kwanza kampuni ilipaswa kula. Viwanda vya Rover mjini Coventry vilikuwa vimepigwa mabomu, na shughuli zikahamia kiwanda kikubwa cha Solihull. Chuma kiligawiwa na serikali kwa mgao, na waliopewa kipaumbele ni wale waliouza bidhaa nje ya nchi. Magari ya Rover ya kabla ya vita yalipendwa Uingereza, lakini soko lake la nje lilikuwa dogo. Kiwanda kikubwa bila chuma ni sawa na mashine ya kusaga bila mahindi.

Maurice Wilks alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, kaskazini magharibi mwa Wales. Shambani hapo alitumia Jeep kuukuu la jeshi la Marekani lililobaki baada ya vita. Lilipita penye mchanga na matope, likavuta mizigo na kufanya kazi ambazo trekta lilikuwa zito mno na gari la kawaida lilikuwa laini mno kuzifanya. Tatizo lilikuwa ni kuchakaa na spea kupatikana kwa taabu. Inasimuliwa kwamba kaka yake alimuuliza atafanya nini litakapokufa kabisa, naye akajibu kuwa atanunua jingine la aina hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayetengeneza gari kama hilo.

Jibu hilo lilikuwa na biashara ndani yake. Kama mwenye kiwanda cha magari analazimika kununua Jeep la watu wengine kwa ajili ya shamba lake, wakulima wangapi wana shida hiyo hiyo?

Mwaka 1947 kazi ilianza. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep. Baadaye Rover ilitengeneza chasisi yake kwa kuchomelea pamoja vipande vya bati nene la chuma, ili kukwepa mashine za gharama za kukunjia chuma. Bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, kwa kuwa alumini ilipatikana kwa urahisi baada ya viwanda vya ndege za vita kupunguza kazi. Mabati yake yalikuwa bapa na yalikunjwa kwa urahisi, bila mapindo ya urembo. Injini na giaboksi vilitoka katika magari ambayo Rover ilikuwa ikiyatengeneza tayari.

Gari hilo lilitambulishwa Aprili 30, mwaka 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, Uholanzi. Bei yake ilikuwa pauni 450. Injini yake ya petroli ya lita 1.6 ilitoa takriban nguvu za farasi 50, kiasi ambacho leo hata gari dogo la mjini hukizidi. Lakini lilivuta kwa magurudumu yote manne, na lilikuwa na mahali pa kuchukulia nguvu za injini ili kuzungusha msumeno, pampu au mashine ya kupukuchulia nafaka. Gari likisimama, shamba liliendelea kufanya kazi.

Rover ilitegemea kuliuza kwa miaka michache tu, hadi biashara ya magari ya kawaida itakaporejea. Wateja waliamua vinginevyo. Muda mfupi baada ya kuzinduliwa, Land Rover ilikuwa ikiuza zaidi ya magari mengine yote ya kampuni hiyo. Mwaka 1957 iliwekewa injini ya dizeli. Zile ndefu za 109, ambazo wazee wengi wa vijijini wanazikumbuka kwa namba hiyo, zilianza kutengenezwa mwaka 1956. Namba yenyewe ni urefu kwa inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma.

JET 1 yashangaza dunia

Wakati Land Rover ikiunganishwa Solihull, wahandisi wengine wa kampuni hiyo walikuwa wakihangaika na turbini. Maurice Wilks, aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi tangu mwaka 1946, aliwakabidhi kazi hiyo Frank Bell na mpwa wake Spen King, kijana aliyejifunza ufundi Rolls-Royce.

Machi 1950 matokeo yalionyeshwa hadharani. Gari hilo la wazi, lililotokana na Rover 75, lilipewa namba ya usajili JET 1. Injini ilikaa nyuma ya viti. Lilipowashwa halikutetemeka wala kunguruma kama gari, bali lilivuma kama ndege iliyo mbali. Lilikuwa gari la kwanza duniani la aina hiyo kuendeshwa na turbini ya gesi. Klabu ya magari ya kifalme ya Uingereza ililisimamia katika majaribio kwenye uwanja wa Silverstone, na Rover ikapewa tuzo ya Dewar kwa kazi hiyo. Juni 1952, likiwa na injini yenye nguvu zaidi, lilikimbizwa katika barabara ya Jabbeke, Ubelgiji, likafikia takriban kilomita 245 kwa saa.

Kwa mtu anayeishi na magari, sifa za turbini ni tamu. Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka, vali, na plagi zinazotoa cheche muda wote. Turbini ina magurudumu yenye mapanga kama ya feni, yanayozunguka upande mmoja tu. Sehemu zinazosuguana ni chache. Plagi inahitajika wakati wa kuwasha tu. Moto ukishashika unaendelea wenyewe kama jiko. Haihitaji rejeta ya maji. Haichagui sana mafuta: petroli, dizeli na hata mafuta ya taa vyote vinaweza kuiendesha. Aidha, nguvu yake ya kuvuta ni kubwa tangu gari linapoanza kuondoka.

Injini isiyochemsha, isiyotetemeka na inayokubali mafuta ya taa: kwa maelezo hayo, ingekuwa injini ya mkulima.

Tanki lisilojaa

Mateso yalikuwa katika tanki. JET 1 lilikwenda takriban kilomita 2 tu kwa lita moja ya mafuta. Hesabu yake ni nyepesi. Safari ya kilomita 100 ingehitaji lita 50. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita lingefanya safari hiyo hiyo kwa lita 12 na nusu.

Tatizo halikuwa uzembe wa mafundi. Lilikuwa katika asili ya mashine yenyewe. Turbini hufanya kazi vizuri inapozunguka kwa kasi kubwa na kubeba mzigo wake wote, saa baada ya saa. Ndivyo ndege inavyoruka. Gari haliishi hivyo. Gari linaondoka, linapunguza mwendo, linasimama njia panda, linasubiri mzigo, linatembea mtupu wakati wa kurudi. Sehemu kubwa ya maisha yake linatumia kipande kidogo tu cha nguvu za injini.

Injini ya pistoni ikipunguziwa kazi hupunguza sana ulaji wa mafuta. Turbini haiwezi kufanya hivyo kwa kiwango hicho, kwa kuwa hata gari likiwa limesimama lazima izunguke kwa kasi kubwa ili kuendelea kuibana hewa yake yenyewe. Ni kama kuwasha jenereta kubwa ya ukumbi ili kuendesha friji moja ya duka.

Udogo nao uliongeza hasara. Katika turbini kubwa, mwanya mwembamba kati ya ncha za mapanga na ukuta wake hauna madhara makubwa. Katika turbini ndogo ya gari, mwanya huo huo unavujisha sehemu kubwa ya gesi, na nguvu inapotea.

Kulikuwa na mambo mengine. Dereva akikanyaga mafuta, injini ilichukua muda kupandisha mzunguko kabla gari halijaitika, jambo la hatari kwa anayetaka kulipita lori. Mteremkoni, turbini ya aina hiyo haikulishika gari kama gia za injini ya kawaida zinavyolishika, hivyo breki zilibeba mzigo wote. Moshi ulitoka ukiwa wa moto sana. Mapanga yalihitaji aloi za bei kubwa zinazostahimili joto hilo, na yalipaswa kutengenezwa kwa usahihi ambao gereji ya kawaida isingeweza hata kuupima.

Wilks hakukata tamaa, lakini pia hakukimbilia sokoni. Mwaka 1953 Rover iliunda kampuni tanzu ya turbini, ambayo ilitengeneza injini ndogo za kuendeshea pampu na mitambo ya umeme, ili utafiti ujilipie walau sehemu ya gharama zake. Mwaka 1956 lilitoka gari la majaribio T3, likiwa na kifaa cha kunasa joto la moshi na kulirudisha ndani kupasha hewa kabla haijafika kwenye moto. Ulaji wa mafuta ulipungua kwa zaidi ya nusu, likafikia kama kilomita 5 kwa lita. Mwaka 1961 likafuata T4, gari la familia lenye sura ya kawaida, ambalo lilisogea hadi kati ya kilomita 6 na 7 kwa lita.

Yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini wakati turbini ikipanda ngazi, injini ya pistoni nayo haikukaa chini ikisubiri. Iliendelea kuboreshwa, na bei yake ilibaki sehemu ndogo ya bei ya turbini. Kila hatua ya T3 na T4 iliifikisha turbini mahali ambapo magari ya kawaida yalikuwa yameshapita.

Saa 24 za Le Mans

Maurice Wilks alipanda cheo hadi kuwa mkurugenzi mtendaji mwaka 1960 na mwenyekiti wa Rover mwaka 1962. Mwaka uliofuata kampuni ilipeleka turbini katika mtihani wa hadharani: mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa.

Waandaaji walikuwa wameweka zawadi kwa gari la kwanza la turbini litakalomaliza saa hizo likiwa na wastani wa angalau kilomita 150 kwa saa. Rover ilishirikiana na watengenezaji wa magari ya mashindano wa BRM. Juni 1963 madereva Graham Hill na Richie Ginther walilizungusha gari hilo mchana na usiku, wakipita zaidi ya kilomita 4,100 kwa wastani wa takriban kilomita 173 kwa saa. Halikuhesabiwa rasmi katika msimamo, lakini lingekuwa la nane.

Injini haikufa. Swali la uimara lilikuwa limejibiwa. Swali la mafuta lilibaki pale pale: bila kifaa cha kunasa joto, gari hilo lilikunywa lita moja kwa kila kilomita mbili na nusu hivi.

Chini ya miezi mitatu baadaye, Septemba 8, mwaka 1963, Maurice Wilks alifariki dunia nyumbani kwake Anglesey, katika kisiwa kile kile alikotumia Jeep lake kuukuu. Alikuwa na miaka 59. Aliacha mjane, Barbara, na watoto watatu wa kiume. Alikuwa mtu mpole, asiyependa makuu, na nje ya biashara ya magari watu wengi hawakulifahamu jina lake.

Ndoto ilipoishia

Gari la turbini la Rover lilirudi Le Mans mwaka 1965, safari hii likiwa na vifaa vya kunasa joto na madereva Graham Hill na Jackie Stewart. Lilishika nafasi ya 10 na lilitumia karibu nusu ya mafuta ya mara ya kwanza. Halikwenda tena. Mwaka 1967 Rover ilichukuliwa na kampuni ya Leyland, ambayo iliendelea kwa muda kujaribu turbini katika malori makubwa, kisha kazi hiyo nayo ikafifia.

Rover haikuwa peke yake. Nchini Marekani, kampuni ya Chrysler ilitengeneza magari 50 ya turbini na kuanzia mwaka 1963 ikayaazima kwa zamu kwa madereva 203 wa kawaida. Wengi waliupenda utulivu wake, lakini walilalamikia ulaji wa mafuta na kuchelewa kuitika. Majaribio yalipokwisha, mengi ya magari hayo yaliharibiwa na machache yakahifadhiwa. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla duniani mwaka 1973, nafasi ya turbini barabarani ilizidi kuwa finyu.

Hata hivyo, turbini haikuwa mashine mbaya. Ilikuwa imepelekwa kwenye kazi isiyo yake. Leo inarusha ndege za abiria duniani kote. Kuanzia mwaka 2004 turbini zilizochoma gesi asilia ya Songo Songo zilifua umeme Ubungo, Dar es Salaam, na nyingine zikafuata Kinyerezi. Huko hakuna njia panda wala kusubiri mzigo; mtambo unazunguka kwa kasi yake ile ile, na hapo ndipo unapolipa.

Na barabarani pia turbini iliingia, ila kwa mlango wa nyuma. Turbo iliyoko kwenye injini nyingi za dizeli za leo ni turbini ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, ambayo kazi yake ni kuisukumia injini ya pistoni hewa zaidi. Haikuchukua nafasi ya pistoni, bali imekuwa msaidizi wake. Land Rover yenyewe ilipata injini ya dizeli yenye turbo mwaka 1986, miaka 23 baada ya kifo cha Wilks.

Fundisho kwa mwenye mtaji mdogo

Land Rover ya mwisho ya ukoo ule wa mwaka 1948 ilitoka Solihull Januari 29, mwaka 2016, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni mbili. JET 1 limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi mjini London, ambako watoto hulitazama.

Wilks hakuwa mjinga kuijaribu turbini. Alikuwa mmoja wa watu waliouelewa vizuri ufundi huo. Busara yake ilikuwa katika kipimo: aliijaribu kwa magari machache, akaiacha Land Rover na magari ya kawaida yalipe mishahara, na hakumuuzia mteja mashine ambayo hesabu zake hazijakaa sawa. Laiti angeweka kiwanda chote juu ya turbini mwaka 1950, wakati magazeti yakishangilia, huenda leo jina la Rover lingekumbukwa kwa kufilisika.

Kwa anayekwenda dukani kutafuta pampu ya maji, jenereta, trekta la mkono au mashine ya kusaga, maswali ni yale yale yaliyoizuia turbini. Mashine hii itafanya kazi ikiwa na mzigo kamili kwa saa ngapi, na saa ngapi itanguruma bure? Inakula kiasi gani ikiwa na nusu ya kazi, si ikiwa kwenye maonyesho? Ikiharibika, spea iko mji gani na fundi wake ni nani? Injini iliyo kubwa kuliko kazi yake haimpi mwenyewe heshima, inamaliza faida yake kimya kimya kila siku.

Kwa maswali hayo, gari la mabati bapa lililozaliwa kwa shida ya chuma na Jeep bovu lilikuwa na majibu. Gari lililokimbia kilomita 245 kwa saa halikuwa nayo.